Nimehamia Mwanza kutoka Tanga: nitaendeleaje na matibabu ya sonona?

MgeniNyamanoro ameandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu, nina umri wa miaka 34, na kampuni yangu imenihamishia Mwanza kutoka Tanga, kwenye ofisi ya kiwanda cha kusindika samaki. Nimepanga chumba na sebule Nyamanoro. Nikiwa Tanga nilikuwa nahudhuria kliniki ya afya ya akili kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Natumia fluoksetini, na kila nilipokwenda kliniki nilizungumza na muuguzi aliyenifahamu vizuri kiasi kwamba nikiingia tu mlangoni alijua kama usiku nililala au nilikesha. Uhamisho ulikuja kwa haraka, nikaondoka bila kupewa barua yoyote, na dawa nilizonazo zitanifikisha mwisho wa mwezi huu tu.

Kwa sasa siwezi kusema ninaumwa. Nafanya kazi, nakula na ninaamka kwa wakati. Hata hivyo, najijua: huwa naanza kwa kukosa hamu ya kupokea simu za nyumbani, kisha usingizi unakatika saa tisa usiku, na wiki hii mambo hayo yote mawili yameanza. Hapa sina ndugu, na watu ninaowafahamu ni wa kazini peke yao.

Naomba msaada kwa wenyeji na kwa wenye ujuzi. Nianzie Bugando moja kwa moja au Sekou Toure? Je, nitaanza upya kama mgonjwa mpya, nieleze tena maisha yangu yote kwa mtu nisiyemjua? Bima yangu ni ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Jambo jingine linalonisumbua ni usiri, kwa sababu kliniki huwa siku za kazi na itanibidi niombe ruhusa.

MuuguziKandaYaZiwa amejibu:

Karibu Mwanza, dada. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika mojawapo ya mikoa ya kanda hii, na nimefurahi kuona umeuliza ukiwa bado na dawa mkononi, kwa maana wagonjwa wengi wanaohama tunawapokea wakati dawa zimekwisha zamani na hali imeshaharibika.

Nianze na fluoksetini yenyewe, kwa sababu ina tabia ambayo mtu anayehama anapaswa kuifahamu. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu kuliko nyingi za jamii yake, kwa hiyo anayeiacha ghafla mara nyingi hapati shida kubwa katika siku za mwanzo. Anajiona mzima, anasema labda nilikuwa nimeshapona, wiki zinapita, halafu ugonjwa unarudi polepole bila yeye kuuhusisha na dawa aliyoiacha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inashauri dawa za sonona ziendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na hata wakati wa kuacha ukifika, ziachwe kwa kupunguzwa taratibu chini ya usimamizi wa daktari. Usingizi unaokatika alfajiri ni dalili ambayo sisi huwa hatuipuuzi. Ninakuomba usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda wiki hii au ijayo.

Kuhusu mahali pa kuanzia, mimi ningekushauri Sekou Toure. Ni hospitali ya rufaa ya mkoa, iko mjini, na kwako wewe unayetoka Nyamanoro ni karibu. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Inapokea wagonjwa wazito kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na kwingineko, na pia ni hospitali ya kufundishia, hivyo foleni zake ni ndefu na mara nyingi utakutana na madaktari wanafunzi pamoja na bingwa. Ina idara ya magonjwa ya akili, na endapo daktari wa mkoa ataona unahitaji bingwa, atakuandikia rufaa ya kupanda huko. Kadi ya NHIF haina mkoa: inatumika katika kituo chochote kilichosajiliwa na mfuko, lakini huduma za ngazi za juu zinafuata utaratibu wa rufaa, kwa hiyo ukianzia mkoani unajiepusha na usumbufu dirishani.

Sasa suala la kuanza upya. Faili litakuwa jipya, ila si lazima historia yako ianze upya. Piga simu kliniki ya Tanga, zungumza na yule muuguzi wako, umwombe muhtasari wa matibabu uliosainiwa na kugongwa mhuri. Muhtasari huo ueleze ugonjwa uliogunduliwa na tarehe yake, dawa unayotumia na kipimo chake, dawa ulizowahi kujaribu zikakushinda, magonjwa mengine uliyonayo, mzio kama upo, na kama uliwahi kulazwa au kuwa na mawazo ya kujidhuru. Ndugu yako aliyeko Tanga anaweza kuuchukua na kukutumia kwa basi. Wakati unausubiri, piga picha maboksi ya dawa na vyeti vyovyote ulivyonavyo. Daktari akiona jina la dawa na kipimo, tayari ana pa kuanzia, na huna haja ya kukosa dawa kwa sababu ya karatasi iliyo njiani.

Siku ya kwanza utaulizwa maswali mengi, nisikufiche. Huenda ukapewa dodoso la maswali 9 linalouliza hali yako katika wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, chakula, umakini, kujiona huna thamani, na mawazo ya kutaka kufa. Jibu kila swali kama lilivyo, hata lile la mwisho. Kumweleza mhudumu kwamba umewahi kuwaza kufa si kosa na hakukufanyi ufungiwe wodini. Kunamsaidia kupanga uangalizi. Usishangae pia ukiandikiwa vipimo vya damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu awe mchovu na mnyonge mfano wa mwenye sonona, na sisi huku kanda ya ziwa tunaongeza malaria katika orodha hiyo.

Siku za kliniki hupangwa na hospitali na hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza ndipo uombe ruhusa kazini. Lakini kama mawazo ya kujidhuru yatakuja, au ukakesha siku mfululizo, au ukashindwa kula, usihesabu siku za kliniki: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, saa yoyote, ukisindikizwa na mtu.

MkaziWaMabatini amejibu:

Pole na hongera kwa kuhama, dada. Mimi ni mwanamume, nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na nilihamia Mwanza nikitokea Mbeya miaka mingi iliyopita. Muuguzi amemaliza upande wa hospitali, nami nitazungumzia yale ya nyumbani, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yanayoamua kama dawa itakutosha.

La kwanza ni usingizi. Angalia mahali ulipopanga. Mji huu umejengwa juu ya mawe na sauti husafiri. Baa iliyo bondeni unaweza kuisikia kana kwamba iko dirishani kwako. Nimewahi kuhama nyumba nzuri kabisa kwa sababu ya muziki wa mwisho wa wiki, na sikujutia kodi niliyoipoteza. Kwa sisi wenye magonjwa haya, usiku wa kukesha ni hatari ya kiafya, usikubali mtu akuambie ni kero tu. Kadhalika, viwanda vya samaki vina kazi za zamu. Wewe ni mhasibu na pengine hutaguswa, lakini ikitokea wakakuomba usimamie hesabu za zamu ya usiku, zungumza na daktari wako kwanza.

La pili ni mwili. Dada, toka nje. Jioni ukimaliza kazi, shuka hadi ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, au zunguka barabara ya Capri Point inayofuata ziwa. Ni tambarare kiasi cha kutosha, watu wa mazoezi wapo wengi, na mwanamke akitembea peke yake kabla ya giza hatazamwi kwa mshangao. Daktari wangu aliniandikia kutembea kwenye karatasi ileile aliyoandikia dawa, na mimi nikachukulia kutembea huko kama dawa. Ila usiingie majini kuoga, kichocho kipo.

La tatu, na hapa nasema kwa uzito. Utaalikwa kwenye maombi, na ni jambo jema kwenda. Imani imenishikilia nyakati ambazo sikuwa na kingine. Lakini ukifika mahali unapoambiwa ukiacha vidonge ndipo imani yako itaonekana, ondoka. Nilikuwa katika kikundi kimoja ambacho kilitutaka tulete dawa zetu madhabahuni. Kijana mmoja alileta za kifafa. Sitaki kueleza zaidi yaliyompata, isipokuwa kwamba leo hii hayupo nasi, na mama yake bado anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu.

MamaWaNansio amejibu:

Mwanangu, karibu ziwani. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nina mtoto wa kiume anayetibiwa akili, na kwa miaka hiyo yote nimekuwa nikivuka naye kwa meli kuja Mwanza kliniki. Nataka kukwambia mambo mawili kama mama.

Huku kwetu watu wengi huanzia kwa mganga, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, kwa hiyo sitawatukana. Mganga mzuri anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, anaita ukoo mzima, na hilo lina faida yake. Lakini zile dawa za kunywa, za mizizi, usizichanganye na vidonge bila kumwambia daktari, maana daktari asiyejua ulichokunywa hawezi kujua ni kipi kilichokudhuru. Mwambie bila aibu. Wa kwetu aliniuliza kwa upole kabisa, nikamtajia mti kwa Kikerewe, akaandika kwenye faili.

La pili ni hili la kutokuwa na ndugu. Usikae Nyamanoro kama mpita njia. Tafuta kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, au jumuiya ya kanisa, au darasa la msikitini, kulingana na dini yako, na chama cha kuzikana cha mtaa. Toa mchango, hudhuria misiba, pika. Hakuna atakayekuuliza unatumia dawa gani, lakini siku mbili zikipita hawajakuona, watagonga mlango. Ilipozama MV Nyerere mwaka 2018 pale karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, kisiwa kizima kilikuwa na matanga. Wahudumu walikuja wakafanya kazi yao, na tunawashukuru, kisha wakarudi walikotoka. Miezi iliyofuata, wajane walikuwa wakilala kwa zamu majumbani mwa wenzao ili asiwepo wa kulala peke yake. Nami nililala kwa jirani yangu mpaka aliposema sasa naweza. Watu wa namna hiyo wapo hata mjini, ila wanataka wakujue kwanza.

MgeniNyamanoro ameandika:

Mama, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara nyingi, asante sana. Nawashukuru na ninyi wengine wote. Nimempigia muuguzi wangu wa Tanga leo mchana. Amekubali kuandaa muhtasari, na shangazi yangu ataufuata na kuukabidhi kwenye basi.

Nina maswali mengine mawili. Yule muuguzi hakuwa daktari, lakini mazungumzo yake yalinisaidia pengine sawa na dawa. Je, hapa nitafute mwanasaikolojia wa kulipia, au kuna namna nyingine? Na je, kazini nimweleze mkuu wangu? Hapa ofisini nimeshasikia mtu akimtania mwenzake kwamba apelekwe Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na watu wakacheka.

MshauriNasaha_Ilemela amejibu:

Dada, mazungumzo uliyokuwa ukifanya na muuguzi wako ni tiba kamili na yana ushahidi wake. Zimbabwe kuna mpango unaofahamika kama Benchi la Urafiki, ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambapo akina bibi wa jamii waliopewa mafunzo hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Mpango huo ulifanyiwa utafiti uliohusisha wagonjwa 573, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nayasema haya kwa sababu watu wengi hudhani bila mtaalamu mwenye ofisi ya kioo hakuna tiba.

Kwa hiyo anzia hospitalini hapohapo. Ukionana na daktari, mwambie waziwazi kwamba mbali na dawa unahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa ratiba, na umuulize nani anafanya kazi hiyo: anaweza kuwa muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia wa hospitali au afisa ustawi wa jamii. Usiposema, msongamano wa kliniki utakufanya utoke na cheti cha dawa peke yake. Ukiamua kwenda kwa mshauri binafsi, muulize alisomea nini na wapi, nani anamsimamia kitaalamu, kila kikao ni shilingi ngapi na vitakuwa vingapi, na atafanya nini ukizidiwa. Mtaalamu wa kweli hujibu maswali hayo bila kukasirika. Anayekuahidi kukuponya sonona kwa kikao kimoja, au anayekutaka uache dawa za hospitali kabla hajakufahamu, usimpe fedha yako. Vilevile, kama simu na Tanga bado inawezekana, muulize muuguzi wako kama anaweza kuzungumza nawe mara moja au mbili katika kipindi hiki cha kati, mpaka uzoeane na mtu wa hapa. Kuachana na mtu aliyekusikiliza kwa muda mrefu ni msiba mdogo, na una haki ya kuuhisi.

AfisaRasilimaliWatu amejibu:

Nijibu la kazini. Huna wajibu wa kumtajia mkuu wako jina la ugonjwa ili upate ruhusa ya kwenda hospitali. Inatosha kusema una miadi ya kliniki inayojirudia, na uwasilishe uthibitisho wa hospitali. Ukipewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, mwombe daktari aandike muda wa mapumziko na yale yanayohitajika tu. Madaktari wameshazoea ombi hilo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Sheria haibagui ugonjwa wa akili na ugonjwa wa tumbo. Umehamishwa ndani ya kampuni ileile, kwa hiyo utumishi wako unaendelea kuhesabiwa tangu Tanga. Hakikisha faili lako la utumishi limehamishwa pamoja nawe, na kadi ya bima haijakatika katikati ya uhamisho, jambo ambalo nimeliona likiwatokea watu wengi. Liulize kesho, kabla hujafika dirishani hospitalini.

Kuhusu kumweleza mtu kwa hiari yako, mimi nisingeharakisha. Wafahamu kwanza. Hao waliocheka kwa jina la Mirembe, baadhi yao huenda wana ndugu waliotibiwa huko Dodoma na wanacheka kwa hofu, lakini hulazimiki kuwa wewe wa kuwafundisha katika mwezi wako wa kwanza. Ukija kupata mtu mmoja ofisini unayemwamini, mpe namba ya simu ya shangazi yako na umwambie ampigie siku ukikosekana kazini bila taarifa. Hata hapo hutalazimika kueleza zaidi.

MuuguziKandaYaZiwa amejibu:

Naunga mkono yote hayo. Niongeze dogo tu kwa dada: ukifika mapokezi na ukaona haya kutaja kliniki ya akili mbele ya foleni, mwoneshe karani kadi na kipande cha karatasi ulichoandika "kliniki ya afya ya akili, naendelea na dawa". Ataelewa na atakuelekeza. Ondoka nyumbani mapema, ule kwanza, ubebe maji na maboksi ya dawa, na usikubali kuondoka kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi na dawa za kukufikisha tarehe hiyo. Kama famasi ya hospitali haina fluoksetini siku hiyo, rudi kwa daktari aliyekuandikia ukamweleze, ama akupe cheti cha kununulia nje kwenye famasi yenye mfamasia, ama akupe mbadala kwa maelezo. Usibadilishiwe dawa dukani.